Kiatu cha Kukulia

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu soko la Mchikichini kumtafutia viatu vya shule. Muuzaji alimtazama miguu, akairudisha jozi aliyoichagua mtoto na kutoa nyingine, kubwa. "Chukua hii, mama. Huyu anakua, utakuja kunishukuru." Nikamjibu vibaya kuliko alivyostahili. Binti yangu akanitazama kama hanijui. Sikuweza kumweleza palepale katikati ya watu, ndiyo maana nakusimulia wewe.

Nililelewa na bibi mzaa mama, Kariakoo, katika chumba kimoja cha nyumba ya kupanga. Bibi alikuja mjini kutoka Lindi akiwa binti, na nilipomjua mimi alikuwa anakaanga vitumbua barazani. Alfajiri niliamshwa na mlio wa mafuta na harufu ya iliki, lakini usidhani nilivifaidi. Vya kwetu vilikuwa vile vilivyoungua. Nyanya tulinunua jioni, wauzaji wakifungasha, zikiwa zimeshalainika na bei nayo imelainika. Pakiti ya mafuta ikiisha aliipasua na kuisuuzia kwenye mchuzi. Sukari ya chai aliitia kwa ncha ya kijiko, tena ameshika yeye. "Mtu hujikuna ajipatapo," alikuwa akisema, nami nikakua nikiamini kwamba hakuna watu wenye mikono mifupi kama sisi.

Viatu navyo tulifuata jioni, huko huko Mchikichini, wakati wa bei ya kutupa. Vyangu alichagua vikubwa, kwa sababu nitakua. Vyake alichukua vidogo, kwa sababu vile vya kike visivyomwingia mtu ndivyo vilivyobaki chini ya lundo mpaka jua linazama, na kwa saa ile vilikuwa karibu na bure. Nikilalamika alinikata kauli: "Wewe utakua. Changu kitapanuka." Kisha nyumbani ananijazia magazeti kwenye ncha za viatu, anayashindilia kwa kidole gumba, na mimi natembea kwa kuburuta miguu kama mgonjwa. Nilichotaka duniani wakati ule kilikuwa kimoja tu, kiatu kinachonitosha.

Siku moja tukiwa mstarini shuleni, tunapiga hatua za gwaride, kiatu kilinichomoka kikaruka mpaka mbele ya mwalimu wa zamu. Alikiokota taratibu. Akachomoa gazeti, akalikunjua, akalinyoosha kwenye paja lake, akaanza kulisoma kwa sauti. Lilikuwa tangazo la nyumba inayouzwa, yenye vyumba vinne, ukuta na nafasi ya gari. Alipomaliza akauambia umati, "Kumbe mwenzenu ana nyumba nzima humu, na bado anachelewa kulipa mchango." Shule yote ikaangua kicheko. Tangu siku ile jina langu likawa Mwenye Nyumba. Watoto wa mtaa wetu walinipigia hodi mgongoni na kuniuliza kodi ni lini. Nilimchukia mwalimu yule, na ukiniuliza leo, bado.

Nilirudi nikilia, nikamwambia bibi kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza vitumbua. Kisha akauliza, "Na gazeti umerudi nalo?"

Nilikuwa nimerudi nalo. Akalichana vipande na kufungia wateja vitumbua.

Nikiwa darasa la saba, kiatu chake cha kushoto kikamtoboa kidole kidogo. Kidonda kidogo tu, wala hakikumuuma, na huko kutomuuma ndiko kulikomdanganya. Akakiosha kwa maji ya moto na chumvi. Jirani wa chumba cha pili, mama mmoja mshona nguo, alimsihi kila siku aende hospitali. Bibi alikuwa na akiba kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda, lakini ile ilikuwa ya sare yangu ya sekondari. "Hela ya sare haiendi kwenye kidole," akamjibu. Jirani akaacha kusema. Harufu ya kidonda ilipoizidi iliki, wateja walianza kuvuka barabara, na ndipo bibi akakubali kupelekwa. Mwanamke aliyetubania sukari maisha yake yote akaambiwa ana kisukari. Walimkata mguu chini ya goti, na akiba yote ikaishia huko, pamoja na sare.

Siku ya kwanza kurudi nyumbani, majirani wamejaa kumpa pole, akawaambia, "Msilie. Kuanzia sasa viatu nanunua nusu bei." Hakuna aliyecheka ila yeye. Walipoondoka akanipa kile kiatu cha kushoto, kizima bado, nikakiuze Mchikichini. Huenda, alisema, kuna mwenzake huko amekatwa upande mwingine. Muuza viatu alikigeuza, akanitazama, akanirudishia. Njiani, pembeni ya ukuta, nikavua changu na kukivaa. Kilinitosha sawasawa. Kidole gumba kiligusa ncha bila kubanwa, kisigino kilitulia. Nilisimama pale na kiatu changu cha kwanza cha saizi yangu, kimoja, nikalia kwa hasira mpaka watu wakaniuliza nimeibiwa nini. Nyumbani bibi alinigombeza kwamba sijui kuuza.

Alikufa kabla mvua za mwaka ule hazijaisha. Nyumba yetu ilibomolewa zamani, na mahali palipokuwa baraza sasa pana ghorofa ya maduka, chini wanauza viatu nyuma ya vioo. Fungu la nyanya za jioni, mlio wa mafuta alfajiri, kile kidole gumba kilichoshindilia magazeti, vyote vimekwenda. Nilidhani na ubahili wake umekwenda navyo.

Binti yangu nilimnunulia jozi aliyoichagua, ya saizi yake kamili, bila kupunguziwa hata senti. Akaivaa palepale, akaruka ruka. Changu nilichagua mwisho, kwa hela iliyobaki. Muuzaji akauliza kama hakinibani.

Kinabana kidogo, upande wa kidole kidogo. Nikamwambia afunge, kitapanuka.