Bibi na Roja wa Babu

Jamani, leo bibi yangu amemsamehe marehemu babu kosa ambalo hakulifanya!

Niko kwake hapa Ngokolo. Mjomba kapiga simu, kaniagiza nisisahau dawa za bibi. Nikamjibu, "Roja!"

Bibi akaacha kuchambua choroko.

"Huyo Roja umemjulia wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Babu alipigana vita vya Burma, akarudi Tinde, wakaoana miaka ya hamsini. Bibi akimwambia jambo, babu alijibu, "Roja." Bibi akaamini ni mwanamke aliyemwacha vitani. Hakumuuliza mpaka tukamzika.

Nikamweleza, "Bibi, ni neno la marubani. Kwa Kiingereza, 'nimepokea' huanza na herufi R. Ili isikike vizuri redioni, waliiita Roja. Babu si alikuwa mtu wa redio kule vitani, akiongea na ndege zilizowadondoshea chakula? Maana yake, nimekusikia."

Bibi akajifuta macho kwa kanga.

"Kumbe alikuwa ananisikia?"

"Kila neno, bibi."

"Kesho nipeleke Tinde nikamsalimie kaburini. Nimemnunia bure mume wangu."

Nyie, mwenye gari la kwenda Tinde kesho asubuhi anistue. Tuko wawili, na mmoja keshavaa.