Kilichobaki Ndani ya Friza

Fundi Yassini wa Bomani, mjini Tarime, ana neno moja asilolichezea. Kabla hajajaza gesi kwenye friji hufunga pampu, akafyonza hewa yote iliyomo kwenye mabomba, akazima, kisha akamwita mwenye friji aje aone kwa macho yake mshale wa geji ya kupimia hewa umetulia. Hapo ndipo husema, "Hamna kitu ndani." Miaka ishirini na miwili anasema hivyo, na hajatokea mtu wa kumwita mwongo.

Sasa balaa likaanzia nyumbani kwake. Binti yake wa pekee, Kauthar, amemaliza fizikia chuo kikuu, na amepata nafasi ya kuendelea Afrika Kusini. Jibu linatakiwa Ijumaa. Naye amesema wazi: bila radhi ya baba, hapandi ndege.

"Unakwenda kusoma nini hasa, mwanangu?"

"Mahali patupu, baba. Pasipo na kitu chochote."

Yassini akacheka. Si ndiyo kazi anayoifanya yeye kila siku pale barazani, tena bila cheti?

"Hapana, baba. Ukitoa hewa, ukatoa joto, ukatoa mwanga, ukatoa kila kinachotoka, bado inabaki nishati. Hiyo haitoki. Vitu vingine vyote huvutana, lakini hiyo inatawanya. Huenda ndiyo inayofanya ulimwengu utanuke kwa kasi inayozidi kuongezeka."

"Kitu ambacho hakipo kinatawanya?"

"Kipo, baba."

"Si umesema patupu?"

Kauthar akaanza upya, na kadiri alivyoeleza ndivyo baba mtu alivyozidi kupotea. Radhi si salamu, useme tu ipite. Utaitoaje kwa jambo usilolijua kichwa wala miguu? Tena Yassini aliogopa, tusimfichie. Aliogopa kumwachia mtoto wake aende mbali vile kwa ajili ya kitu ambacho yeye siku zote amekiita hamna.

Alhamisi alikuwa na friza ya Mokami, mama wa kijiji cha Susuni auzaye maziwa. Alishafyonza hewa, mshale umetulia tuli. Akautazama, akautazama tena. Humo ndani kimebaki nini? Mkono wake ukalegeza vali ili ahakikishe, na hewa ikaingia yote kwa mlio. Kazi ya nusu saa ikapotea hivihivi.

"Mura, bwana wewe, leo una nini?" Mokami akang'aka. "Unafungua ulichofunga mwenyewe? Maziwa yangu yanaharibika huko!"

Aibu ilimpata, maana wateja wengine walikuwepo. Kauthar, aliyekuwa amemletea chai, akamsaidia kufunga pampu upya. Wakiwa wanasubiri, Yassini akamuuliza kwa hasira, "Hao walimu wako, hiyo nishati wameipima?"

"Wameipima kwa kuangalia nyota za mbali. Ni ndogo mno. Lakini wakipiga hesabu ya inavyopaswa kuwa, inatoka kubwa kupita kiasi. Imezidi mara nyingi mno: andika moja, kisha sifuri mia moja na ishirini nyuma yake. Hesabu hiyo ingekuwa kweli, ulimwengu ungetawanyika kabla nyota hazijawaka."

Yassini akamkazia macho. "Geji yao nzima?"

"Nzima. Wamepima kwa njia nyingi."

"Basi friji yenyewe hawajaielewa."

Kauthar alicheka mpaka akafuta machozi. "Ndiyo hiyo, baba. Ndiyo ninayoiendea."

Wallahi, Yassini hakuelewa zaidi ya jana. Lakini kazi iliyofunguliwa ikakwama aliielewa vizuri, na fundi gani ataiacha ilivyo? Akainua mikono palepale kando ya friza, akampa mwanawe radhi na kumwombea dua.

Mshale ulipotulia, akamwita Mokami aje aone.

"Haya, hamna kitu ndani?" Mokami akauliza.

Yassini akafungua mdomo, na neno lake la miaka ishirini na miwili likagoma kutoka.

"Nilichoweza kutoa nimetoa, mama."

"Kwani kimebaki nini?"

"Sijui. Binti yangu anakwenda kuangalia."