Kipande cha Chumvi Kwenye Bwawa la Shangazi

Kosa ni langu. Nimeua samaki wa shangazi yangu, na huenda hivi sasa naua wa watu nisiowajua.

Niliishia kidato cha nne. Kompyuta nimejifunza mwenyewe hapa Dunda, kwa simu na kwa kuulizauliza. Nikapata programu inayozalisha programu nyingine: inatunga vijiprogramu vingi, inavijaribu, vibovu inavitupa, vilivyofaulu inachanganya vipande vyao vizae vingine. Kama unavyochagua jogoo wa mbegu.

Kwanza niliitumia kwenye majaruba ya chumvi ya jirani yetu, yale ya kukaushia maji ya bahari, kuendesha mlango wa maji. Ikazaa kipande cha programu kizuri mno: maji ya jaruba yakipata joto sana, mlango unafungwa, bahari isiingie kuzimua chumvi inayokauka. Nilikionea fahari kile kipande kama nimekizaa mimi.

Shangazi ana bwawa la samaki aina ya mwatiko Mlingotini. Ndilo linalomlisha tangu mumewe afariki. Nikaona ya nini kuanza upya? Nikakichukua kipande kilekile, nikakitia kwenye programu iliyokuwa ikizalishwa kwa mlango wa bwawa, na nikakiwekea kizuizi kompyuta isikibadilishe.

Shangazi aliuliza, "Na kikikosea?"

"Hakikosei, shangazi. Kimeshafanya kazi kwenye chumvi."

"Haya mwanangu. Mie nijue nini."

Nilikijaribu kwa vipimo vya miezi ya baridi. Joto halikupanda, kipande hakikuamka, nikasema mambo sawa. Kisha likaja jua lenyewe. Maji ya bwawa yakachemka, samaki wakahitaji maji mapya, na mlango ukajifunga.

Niliwakuta wameelea matumbo juu. Jirani mmoja wa shangazi akanitazama, akasema, "Bibie kapika mchuzi wa bwawa zima, umekosa nazi tu." Watu wakacheka. Simlaumu, hata mimi ningecheka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akaendelea kuopoa samaki kwa tenga. Baadaye ndipo akasema, "Mama yako hakukufundisha? Chungu cha kuazima, unauliza kwanza kilipikiwa nini."

Hakupaza sauti. Bora angenitukana.

Wala kompyuta siilaumu. Haikuonyeshwa joto, na hata ingeonyeshwa, mimi ndiye niliyeizuia isikiguse. Nadhani ingekitupa. Sina hakika, na sitaki kujitetea kwa jambo nisilolijua.

Lakini kuna kubwa zaidi. Kabla samaki hawajafa, nilikuwa nimekituma kile kipande kwenye kundi letu la simu la wafugaji wa samaki, kwa majivuno, nikaandika, "Chukueni, kimehakikishwa." Sasa nawapigia mmoja mmoja. Wengine wamekitoa. Wengine hawapokei. Mwanamume mmoja wa Msata akaniambia, "Mimi nilimpa shemeji, naye kampa mwenzake, dada. Huyo mwenzake simjui."

Shangazi ananipikia bado.

Wewe unayesoma, ukipewa kitu kilichofaulu kwa mwenzio, usikitie kwako kabla hujauliza kilifaulu wapi. Na kama una bwawa, na mlango wake unaendeshwa na programu usiyoijua ilikotoka, nenda leo saa ya jua kali usimame hapo. Ukiona unajifunga, chomoa waya, ufungue mlango kwa mkono. Usingoje simu yangu. Namba yako sina.