Kitambaa Changu na Maharagwe ya Tata Kabeya

Tangu wazazi wafariki, wadogo zangu wanne wanakula kwa kazi yangu ya kumwagilia maharagwe ya citoyen Kabeya, bwana ninayemwita tata, yaani baba, mwalimu wa mimea hapa Kolwezi. Nikifukuzwa, hawali.

Alipanda mistari miwili. Wa kwanza aliusugua mwenyewe kwa kidole kila siku. Wa pili hakuugusa, aliungoja urefuke kuupita wa kwanza. Kwa kuwa vumbi la mgodi hutua kila mahali, ule wa pili niliufuta kwa kitambaa kila asubuhi, shina kwa shina. Haukurefuka. Alipima, akakunja uso. Kwa hofu nikaanza kuufuta hata jioni.

Jana akaja mapema.

"We, unafanya nini?"

"Mi napangusa vumbi, tata."

"Kila siku?"

"Mara mbili, tata," nikajibu kwa fahari.

Akakalia ndoo. "Mwezi muzima natafuta ugonjwa, kumbe ugonjwa ni weye! Mumea ukisuguliwa, protini zinakaza kuta za seli zake, unabakia mufupi. Nani alikutuma kuugusa huu?"

Nikaiwaza sufuria ya nyumbani. Akaunyooshea kidole mkono wangu. Kumbe bado nilikuwa nasugua.