Chungu Kinene

Nakumbuka likizo nzima niliyoimaliza nikikana kwamba chungu kile ni kibaya, mwanangu. Leo, mvi zimeanza kunitia aibu hadharani, nakiri: kilikuwa kibaya, na mimi nililijua hilo tangu siku kilipoingia jikoni.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nasomea uchumi. Anayesomea uchumi mwaka mmoja ni mtu wa hatari. Akisoma zaidi hupoa. Shangazi yangu Sekela alikuwa na kibanda cha chakula Kasumulu, pale mpakani, akiwapikia wali na maharage madereva wa malori waliosubiri karatasi zao za forodha. Maharage aliyachemsha kwenye chungu, si sufuria, na madereva waliijua tofauti. Kibanda hicho ndicho kilichonilipia ada. Chungu chake kilipopasuka, akanituma Matema kwa wafinyanzi wa Kikisi, na mchele wa shamba letu la Bujonde begani.

Desturi yenyewe si ngumu. Unachagua chungu, unakijaza mchele mpaka shingoni; mchele unabaki kwa mfinyanzi, wewe unaondoka na chungu. Wanunuzi wenzangu walikuwa wakivigonga na kusikiliza. Mimi nilipiga hesabu: chungu chenye kuta nene kinameza mchele kidogo, na udongo wenyewe napata mwingi. Nikakiona kimoja kimejificha nyuma ya vingine, kigumu kama kisigino.

"Hicho?" mama mfinyanzi akauliza.

"Hicho hicho, mama."

"Haya. Na kata ya kubebea nakusokotea mimi mwenyewe."

Akanishukuru, "ndaga, ndaga," mpaka nikaona haya. Nilidhani ni adabu tu. Mada ya muuzaji anayefurahi kuliko mnunuzi tulikuwa hatujaifikia.

Shangazi alikipokea kwa mikono miwili, akakitua upesi.

"Umeniletea chungu, au ukuta?"

"Shangazi, kimechukua mchele kiduchu!"

"Na maharage je, kitachukua kiduchu?"

Kesho yake maharage yalikaa motoni tangu alfajiri. Madereva wakaja, mihuri imeshagongwa, malori yananguruma, na maharage bado yanagongana kama kokoto.

"Mama, leo unayapika au unayaotesha?" mmoja akauliza. Wenzake wakacheka, wakavuka barabara kwenda kula kwa jirani.

Nikasema kuni ni mbichi. Tukaleta kavu, zikateketea kama karatasi. Nikasema maharage ni ya zamani. Yakaletwa mapya. Hapo nikawalaumu madereva, kwamba hawana subira. Wahenga walisema rahisi ni ghali, lakini wahenga hawakuwa kwenye orodha yangu ya vitabu. Shangazi aliposema atatafuta chungu kingine, nikampa mhadhara.

"Tumeshakilipia, shangazi. Kukiacha ni hasara."

"Ule mchele ulishaliwa Matema, mwanangu. Nikikivumilia hiki, utarudi?"

Nilijibu kwa kirefu, kila kitu ila alichouliza. Naye, kwa kumwonea fahari msomi wake, akakivumilia. Likizo ilipokwisha alinipa nauli na kuniambia, bila kunitazama, kwamba ada ya muhula unaofuata hajui itatoka wapi.

Chuoni nikafundishwa kwamba jambo lile lina jina: gharama iliyozama. Ni kile ulichokwisha kukitoa, ambacho hakirudi uendelee au uache. Basi kisipewe kura katika uamuzi wa leo. Nikalieleza vizuri kwenye mtihani, nikapata alama nzuri, na moyoni bado nakitetea chungu.

Mwanangu, bei unailipa mara moja sokoni. Gharama hukufuata nyumbani, ikakaa jikoni, ikala kuni zako, muda wako na wateja wako. Ukishika jambo lisiloenda, liwe shamba, biashara au kozi uliyoichagua kwa mbwembwe (mchumba nenda kamuulize mama yako), usijiulize umelitolea kiasi gani. Jiulize: kuanzia leo, lipi litanifaa zaidi? Maji yakimwagika hayazoleki. Usiyamwagie na yaliyobaki mtungini. Na asiyekubali kushindwa si mshindani. Mungu akujalie ulimi mwepesi wa kusema "nilikosea" ungali na kuni uani.

Mimi sikujaliwa. Nilisubiri mpaka simu ikaita, shangazi akipiga kutoka Kasumulu.

"Chungu chako nimekitoa."

"Umekivunja?"

"Nikivunje nina wazimu? Kuna mama hapa anahifadhi mbegu chunguni. Chungu chake chepesi, mbuzi walikuwa wanamwangushia kila siku. Chako hawakitikisi hata wakipiga pembe. Tumebadilishana. Sasa kila mmoja wetu anaamini amempunja mwenzake."

Nikacheka, kisha nikaogopa kuuliza, nikauliza. "Na madereva, shangazi?"

Nilimsikia akimkaripia mtu: "Wewe ngoja, hii sahani ya pili, na mwenzako hajapata hata ya kwanza!" Nyuma yake kulikuwa na vicheko vya wanaume na mlio wa vijiko. Kisha akarudi kwangu.

"Umesikia? Ada ipo. Mungu akutunze, mwanangu, usome. Sasa kata simu, wameanza kujipakulia wenyewe, wanaungua mikono hapa."