Embe Mafuta ya Mwali

Mimi ni binti wa Mzee Faki na Bi Mize, wote wazaliwa wa Msuka. Jana, mjukuu wangu, ulipokata parachichi, nilimkumbuka dada yangu Time alipowekwa ndani kungoja harusi yake. Chumba kilinukia udi na singo aliyosuguliwa mwilini, naye akilishwa embe mafuta, kama tuliitavyo tunda hilo huku kwetu. Niliamini limeitwa hivyo kwa sababu hung'arisha ngozi ya mwali. Nikaomba kipande.

"Wewe kaanike karafuu!" shangazi alinicheka. "Nani atakuposa na magoti makavu hayo?"

Leo najua kuwa jina latokana na nyama yake, iyeyukayo mdomoni kama samli. Wivu niliomwonea dada siku ile ningali nao. Andika wasia wangu, usipunguze neno: mti wetu wa embe mafuta usikatwe, na tunda lake la kwanza kila msimu apewe mtoto anayechekwa.