Rangi ya Kijani Niliipaka Mimi

Wajukuu wangu wananiambia niache kujilaumu, eti zile zilikuwa enzi za Mwingereza na kila ubaya ulikuwa wake. Sikubali. Mzungu ana yake, na nimeyasema mara nyingi. Rangi ya kijani niliipaka mimi.

Nilikuwa karani wa stoo katika shamba la kahawa kwenye miteremko ya Mlima Meru, nimetoka sekondari, kichwa kimevimba. Mwenye shamba, mzungu, alikuwa na nyumba ya vioo yenye birika la saruji, na humo alikuza mayungiyungi aliyoyapenda kuliko watu. Aliyeyatunza alikuwa mzee mmoja wa Kimeru, mtunza bustani tangu kahawa ya kwanza ilipopandwa pale. Mwaka mmoja kiangazi kilikuwa kikali, mzungu akataka vioo vipakwe rangi ili kupunguza jua, akaniachia nichague. Stoo kulikuwa na nyeupe na kijani. Nikachukua kijani. Jani ni la kijani, nilisema, kwa hiyo mwanga wa kijani ndio chakula chake.

Mzee alipinga. Alisema magimbi ya mferejini, chini ya migomba iliyosongamana, ambako mwanga hufika ukiwa umepita kwenye majani, hurefuka tu na kukosa nguvu. Nikamjibu kwamba hayo hayamo kitabuni. Akanitazama kutoka kofia hadi viatu.

"Basi, karani, wewe ni mweusi. Kaa gizani unenepe."

Wafanyakazi walicheka. Kwa hasira nikapaka vioo mara mbili.

Baada ya wiki chache vikonyo vya mayungiyungi vilikuwa virefu na vyembamba kama nyuzi, majani madogo ya manjano, maua hakuna. Mzungu alisema mzee amezembea kubadilisha maji, akamfukuza mbele yetu sote. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mzungu, daftari mkononi. Nilijua ni rangi yangu. Sikufungua mdomo.

Nilikaa hivyo siku saba. Siku ya nane, Jumapili, nilikusanya karatasi angavu za peremende, nyekundu, buluu na kijani. Nikachuma majani yanayoota ndani ya maji ya mfereji, nikayatia katika chupa tatu za jamu, kila chupa nikaizungushia rangi yake, nikazipanga juani. Shuleni tulifundishwa kwamba jani la majini likila mwanga hutoa vipovu. Kwenye nyekundu vilipanda mfululizo, na kwenye buluu vilipanda pia. Kwenye kijani nilisubiri mpaka shingo ikauma, ndipo kikatoka kimoja. Kumbe rangi ambayo jani linaturudishia machoni ndiyo lisiyoitumia sana.

Jumatatu nilikwangua vioo bila kuomba ruhusa, kisha nikampelekea mzungu zile chupa, nikaziweka dirishani pake. Aliinama akavitazama vipovu. Hakuwa mjinga. Akasema mzee atarudishwa, lakini kama mtu aliyesamehewa, na mimi ninyamaze, maana wafanyakazi hawapaswi kusikia kwamba bwana alikosea.

"Hakuna wa kusamehewa," nilimwambia. "Rangi niliipaka mimi, na wewe umemfukuza asiye na kosa. Kesho watasikia."

Walisikia, asubuhi wakati wa kuitwa majina, kutoka kinywani mwangu. Kabla ya saa sita mchana sikuwa na kazi.

Nilishuka moja kwa moja hadi Kimandolu, ambako mzee alihamia kwa binti yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kupalilia. Nikamweleza yote, chupa, vipovu, na niliyoyasema mbele ya watu. Alisikiliza, hata akauliza habari za ile nyekundu. Kisha akasema shambani harudi.

"Jina langu umelirudisha, nashukuru. Lakini siku ile ulisimama nyuma yake, unanitazama."

Kazi ile siijutii hata kidogo. Ningesema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Lakini zile siku saba ni zangu, na asije mtu akampa mzungu.